Gesi Haikai Kwenye Nyonga

Nilijua kumbadilisha mtoto nepi kabla sijajua kumbeba vizuri. Mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji, kidonda kikakawia kupona, na kila alipojaribu kuinama alishika tumbo kwa mikono miwili na kusimama hivyo mpaka maumivu yapite. Kwa hivyo nepi zikawa kazi yangu. Madereva wenzangu pale Kitengela walinicheka mpaka wakachoka. Mmoja alisema mwanamume wa Kimaasai akianza kufua nepi, mvua haitanyesha tena. Nikamwambia isiponyesha ndio vizuri, kwani sisi tunauza nini?

Tulikuwa tunauza maji. Kitengela watu hujenga nyumba ya gorofa kwanza, halafu ndio wanauliza maji yatatoka wapi. Nilikuwa naendesha lori la tangi, nalijaza kwenye kisima cha tajiri wangu na kuwapelekea watu mitaani. Kati ya safari moja na nyingine nilikuwa napitia nyumbani. Naosha mikono mpaka kwenye viwiko, nambadilisha binti yangu, naangalia kama mke wangu amekula, halafu narudi kazini.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake. Tulikuwa tumeenda kumsalimia mama yangu, upande wa Kajiado, uchungu ukamshika mke wangu hukohuko. Hospitalini wakampasua. Mtoto alikuwa mdogo, halafu macho na ngozi vikageuka manjano, wakamweka kwenye nasari ya watoto wachanga chini ya taa, na dripu kwenye mkono uliokuwa mwembamba kama kidole changu. Alipotoka huko alikuwa ananyonya kwa pupa, kama mtu aliyefika karamuni akiwa amechelewa. Tukarudi naye Kitengela, na mama yangu akaja nasi kusaidia. Mama anaongea Kimaasai na Kiswahili kidogo. Mke wangu ni Mkikuyu na Kimaasai chake kiliishia kwenye salamu. Nilikuwa nikirudi nawakuta wameketi pamoja, kila mmoja anaongea lugha yake, na chai inaiva vizuri tu.

Asubuhi moja nilimlaza mtoto kitandani nimbadilishe. Mtoto huyu alikuwa na fujo. Ukimfungua nepi anapiga teke kwa miguu yote miwili, na mimi nilikuwa nimezoea kumshika vifundo vyote pamoja kwa mkono mmoja ili nimpanguse kwa ule mwingine. Siku hiyo mguu wa kushoto ulipiga teke. Wa kulia ulilala tu. Goti lilikuwa limekunjwa na kuanguka nje, kama mguu wa mtu anayeota jua. Nilipomshika vifundo na kumwinua kidogo, alilia kilio ambacho sikuwa nimekisikia. Cha njaa nilikijua, cha kulowa nilikijua, na kile cha kutaka kubebwa tu pia nilikijua. Hiki kilikuwa cha mtu anayeumizwa.

Nikamlaza polepole. Nilimtekenya unyayo wa kushoto, akakunja mguu. Nikamtekenya wa kulia, vidole vikacheza lakini paja halikusogea hata kidogo. Nikamwita mke wangu. Naye akajaribu, mtoto akalia vilevile. 

Nilimfunga kwenye blanketi nikaenda naye kwenye zahanati iliyo karibu na kwetu. Foleni ilikuwa ndefu, yote ni kina mama, na walinisogezea nafasi kwa huruma, kama vile nilikuwa nimefiwa. Nilipoingia, daktari aliyekuwa zamu, kijana aliyeonekana hajala tangu asubuhi, aliniuliza mama wa mtoto yuko wapi.

Nikamwambia mama ana kidonda cha upasuaji, mimi ndiye ninayeshinda na mtoto. Nikaeleza habari ya mguu. Akampima joto, akasema hana homa. Akamsikiliza kifua juu ya blanketi. Akaniambia watoto wa umri huu hulia sana jioni na asubuhi, ni gesi, na akina baba wengi huwa hawajazoea. Akaanza kuandika dawa ya gesi.

"Daktari," nikamwambia, "gesi haikai kwenye nyonga. Mfungue umwangalie miguu yote miwili."

Akaangalia mlango, nje foleni inakohoa. Akasema mtoto angekuwa na ugonjwa mbaya angekuwa na homa. Nikamfungua mwenyewe, hapo juu ya meza yake, kando ya vikaratasi vya dawa. Aliutazama mguu kwa muda mfupi, akasema inawezekana mtoto alivutwa kidogo wakati wa kuzaliwa, utanyooka wenyewe, nirudi naye siku ya chanjo. Nikamkumbusha kwamba mtoto hakuvutwa kutoka popote, alitolewa kwa upasuaji, na kwamba jana alikuwa akipiga teke. Mguu hauumizwi na kuzaliwa baada ya wiki nne. Hapo akachoka nami. Akaita anayefuata.

Nilipofika nyumbani mama yangu alikuwa amebandika sufuria ndogo jikoni. Harufu niliijua tangu utotoni, mafuta ya kondoo. Alikuwa amejua tangu asubuhi kilichompata mjukuu wake. Mguu umeteguka, akasema, unataka kukandwa kwa mafuta ya moto na kuvutwa mara moja kwa nguvu urudi mahali pake. Mimi mwenyewe nilikandwa hivyo nikiwa mchanga, naye ndiye aliyenikanda, na si huyu hapa nimesimama?

Katika maisha yangu sikuwa nimewahi kumkatalia mama yangu kitu mbele yake. Kwetu ukitaka kukataa unanyamaza, halafu unachelewa, halafu jambo linakufa lenyewe. Lakini yeye alikuwa amekwisha kukunja shuka hadi kwenye viwiko na kunyoosha mikono apewe mtoto.

"Yeyo, hapana," nikasema. "Utanikasirikia, lakini mguu huo hauguswi."

Aliuliza ni nani amenifundisha kusema hivyo. Nikamjibu kwamba ni mtoto. Kwamba nimesikia akilia nilipouinua kidogo tu, na sitamvuta mtu anayelia hivyo mpaka nijue kuna nini ndani. Mama akaepua sufuria, akaenda kukaa nje kwenye kivuli cha ukuta, ametugeuzia mgongo.

Mke wangu alikuwa amesikia yote kutoka kitandani. Mtoto alikuwa amewekwa titini na alikuwa akinyonya mara mbili tatu, kisha analiacha na kugeuza uso. Hilo ndilo lililomwamsha mke wangu. Aliweka miguu chini, akashika ukuta, akasimama.

"Kadi yake ni ya Kajiado," akasema. "Wao ndio walimtoa tumboni, wanajua alivyokuwa. Twende huko. Hata kama hiki kidonda kitashonwa upya, twende."

Lori lilikuwa mlangoni, tupu. Ningeweza kutafuta gari la kukodi, lakini nilitazama ile kabini ya lori, yenye kiti kirefu na nafasi ya mtu kukaa bila kubanwa, nikaamua. Nilipomsaidia mke wangu kupanda nilimkuta mama yangu amekwisha kuketi katikati, shuka limefungwa, chupa ya chai kati ya miguu. Hakuwa ameambiwa na mtu.  Alinyoosha tu mikono, na safari hii nikampa mtoto. Alimlaza juu ya mapaja yake, mguu wa kulia ukiwa umeachwa ukae utakavyo, naye akaweka nyayo zake mwenyewe chini kwa nguvu ili kila mtikisiko uishie magotini mwake.

Barabara ya Namanga ina matuta, na tangi tupu hurukaruka kuliko lililojaa. Tuta la kwanza mtoto alilia, mke wangu akalia, na mimi nikaapa kwamba hakutakuwa na la pili. Kuanzia hapo kila nilipoona tuta nilisimama kabisa, nikalipanda gurudumu baada ya gurudumu, taa za tahadhari zikiwaka. Malori yanayokwenda mpakani yalijipanga nyuma yangu. Wakapiga honi mpaka Isinya, na kupita Isinya. Mmoja alipopata nafasi ya kunipita alifungua dirisha akanitukana mimi na shule niliyojifunzia kuendesha. Sikuongeza mwendo.

Njiani tajiri wangu alipiga simu. Nikasimama kando, nikapokea. Aliuliza lori lake liko wapi, kwa sababu kuna mteja anajenga na mafundi wake wamekaa bila maji. Nikamwambia liko karibu kufika Kajiado. Akauliza limebeba nini huko Kajiado. Nikamwambia limebeba mtoto. Akasema nikilirudisha nimwachie mlinzi ufunguo, na nisije tena. Nikamwambia sawa, nikaendelea na safari.  

Hospitalini tulifika kliniki ya watoto ikiwa imefungwa kwa siku hiyo. Mwanamke wa dirishani alituelekeza turudi kesho mapema ili tuwe wa kwanza. Nilimweleza. Akasema ameelewa, lakini ndivyo ilivyo. Nikamwambia siondoki. Sikupaza sauti, na nadhani ndiyo maana aliona sina mzaha, akamwita askari.

Mama yangu alikuwa ametandika shuka lake sakafuni, katikati kabisa ya njia, akaketi na mtoto. Askari alikuja kwa hatua za kazi. Alikuwa kijana wa kwetu, nilimjua kwa masikio yake yaliyotobolewa matundu makubwa. Mama alimsalimia kwa Kimaasai, akamwita mwanawe. Basi desturi ni desturi, hata ukivaa sare. Yule kijana aliinamisha kichwa ili mama amguse utosini, na baada ya kuguswa hakuweza tena kumwambia ainuke. Alisimama hapo akiwa hajui afanye nini na rungu lake. Mama akamweleza habari ya mguu. Askari akageuka, akaenda zake upande wa wodi, na aliporudi alikuwa na daktari.

Daktari huyo alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, na alimkumbuka mtoto kutoka nasari. Alituingiza kwenye chumba kidogo akaniambia nimvue mtoto nguo zote, hata soksi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Alisimama na kumtazama bila kumgusa. Alimwacha alale, akatazama miguu yote miwili kwa muda mrefu. Halafu akapasha mikono yake joto kwa kuisugua, akaanza na mguu wa kushoto, akaukunja, akauzungusha, mtoto akamtazama tu. Akaenda wa kulia. Kabla hajafika mbali mtoto alilia kile kilio.

"Ni lini mliona?" akauliza.

Nikamwambia leo asubuhi. Akauliza habari ya kunyonya, mke wangu akamjibu. Akauliza homa, nikamwambia zahanati walisema hana, kwa hivyo si ugonjwa. Akatikisa kichwa. Alisema mtoto mchanga anaweza kuwa na maambukizi makali kabisa na mwili wake usipate joto, wakati mwingine hata unapoa. Mtoto mkubwa atakwambia ninaumwa hapa. Mchanga hana maneno, anaacha tu kutumia kile kiungo, na mtu akimsogeza analia. Alisema anahofia kuna usaha ndani ya kiungo cha nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kwa mtoto wa umri huu bado ni laini, ni gegedu tupu, na usaha ukikaa hapo unabana damu isipite na kukila kile kichwa. Kwa hivyo hili si jambo la kesho.

Nikamuuliza uliingiaje. Hakukimbia swali. Alisema kwa watoto waliozaliwa mapema vijidudu hupitia kwenye damu, na mlango unaweza kuwa kitovu, au ngozi, au mahali palipochomwa dripu. "Siwezi kukwambia ni dripu yetu," akasema, "na siwezi kukwambia siyo."

Nilikasirika, na nilimwambia nimekasirika. Nilimwambia tuliwaachia mtoto mwenye manjano wakaturudishia mwenye usaha. Aliniacha nimalize. Kisha akasema nina haki ya hasira yangu, na kwamba ataomba tu nimshikie mtoto vizuri anapotoa damu. Nikamshika.

Mtu wa mashine ya picha, ile inayotumika kuwaangalia wajawazito, alikuwa ametoka kazini. Daktari alimpigia simu mbele yetu, akasema maneno machache, akasikiliza, akasema, "Hapana, sasa." Yule bwana alirudi akiwa amevaa nguo za nyumbani. Alipitisha kile kifaa kwenye nyonga ya kushoto, halafu ya kulia, kisha akarudia ya kushoto ili nione tofauti mwenyewe. Upande wa kulia kulikuwa na weusi uliotuna, mahali ambapo upande wa pili palikuwa na mstari mwembamba tu. Alisema ni maji, na hayafai kuwa pale. Ni maji ya aina gani, hilo sindano ndiyo ingejibu.

Wakamtuliza mtoto, wakasafisha, daktari akaingiza sindano akifuata picha. Kilichopanda ndani ya sindano kilikuwa kizito, rangi ya siagi. Nilikuwa nimesimama kando ya mama yangu. Alitazama ile sindano, akatazama mikono yake aliyokuwa amekusudia kuvutia ule mguu, akaificha ndani ya shuka. Sikumwambia neno, wala sijawahi kumwambia hadi leo. Alikuwa anataka mjukuu wake apone.

Usaha ulipelekwa maabara pamoja na damu, na mara tu ulipotoka wakaanza kumpa dawa kwenye mshipa, bila kungoja majibu. Daktari alieleza kwamba dawa peke yake haitoshi. Kiungo kilichojaa usaha lazima kifunguliwe na kuoshwa. Daktari wa upasuaji wa mifupa alikuja, mtu mzima mwenye sauti ya chini, akachora nyonga kwenye kipande cha karatasi, akaonyesha atakapokata. Alisema ukweli wote. Kwamba anaweza kuosha na mguu ukapona kabisa, na kwamba inawezekana tayari kichwa cha mfupa kimeumia, na hilo tutalijua miaka ikienda. Mimi na mke wangu tukakubali na kuweka sahihi.

Kwa sababu ya nusu kaputi mtoto hakuruhusiwa kunyonya. Kumnyima ziwa mtoto mwenye njaa, anayekulilia usoni, ni kazi ambayo simtakii mtu. Maziwa ya mke wangu yalikuwa yanamwagika yenyewe yakilowesha blauzi, akageukia ukutani. Mama yangu akamchukua mtoto. Alitembea naye kwenye ujia wa wodi, akamwambia mambo kwa Kimaasai, taratibu, kama anavyomwambia mtu mzima. Nilimsikia akimhesabia ukoo wake, baba ya nani, aliyezaliwa na nani, aliyevuka na ng'ombe wakati wa kiangazi gani. Alimwambia kwamba watu hao wote walitembea, na yeye atatembea.

Alipotolewa chumba cha upasuaji alikuwa amelala, mapaja yake yametanuliwa na kufungwa kwenye kifaa chenye sponji ili nyonga isichomoke, na mrija mwembamba unatoa mabaki ya usaha. Daktari wa mifupa alisema ulikuwa mwingi, lakini ameosha mpaka maji yakatoka safi.

Lori nililirudisha na ufunguo nikamwachia mlinzi, kama nilivyoagizwa.

Mke wangu alikaa wodini na mtoto kwa wiki kadhaa. Maabara walipopata kijidudu walibadilisha dawa wakampa ile inayokiweza. Kila mshipa mdogo wa mtoto ulitafutwa, mikononi, miguuni, mpaka kichwani, na kila walipotaka kuweka mpya nilisimama hapo kuona kama muuguzi amenawa. Mmoja aliniuliza kama nafikiri yeye hajui kazi. Nikamwambia ninajua anaijua, na bado nitatazama. Baadaye alikuwa akiniona tu ananionyesha mikono yake kabla sijauliza.

Kumbadilisha nepi mtoto aliyefungwa miguu ikiwa imetanuka kuna namna yake. Huinui vifundo. Unamwinua kwa chini ya makalio, mwili wote kama sinia la chai, unatelezesha nepi ndogo ndani ya kubwa. Niligundua hivyo kwa kukosea. Nilipata kibarua cha kushusha mawe huko Kajiado ili niwe karibu, na asubuhi kabla ya kwenda nilipitia wodini. Kina mama walizoea. Mkunga mmoja mzee alisema ningeajiriwa.

Mtoto alianza kunyonya tena kwa pupa. Ndipo nilipojua, hata kabla ya daktari kusema vipimo vya damu vinashuka, kwamba tumetoka shimoni.

Tuliporudi Kitengela nilimpeleka kwenye ile zahanati, kifaa kikiwa bado kimemfunga. Mke wangu aliuliza kama ninakwenda kugombana. Nilimwambia sijui. Yule daktari kijana alikuwa pale, na foleni ni ileile. Alimtazama mtoto na kile kifaa. Aliniomba nikae, akauliza walikuta nini, nikamweleza sindano na rangi ya kilichotoka.  Alisema anaona watoto wanaolia kutwa nzima, na wengi wao kwa kweli ni gesi. Nikamjibu kwamba ninaamini hivyo, na sitaki aniombe msamaha mimi.

"Nataka uwavue," nikamwambia. "Wote. Hata kama foleni imefika barabarani."

 Sijui kama alifanya. Lakini siku ya chanjo nilikaa kwenye benchi lake la nje, na kila mama aliyekaa karibu nami nilimwambia kwamba mtoto mchanga akiacha kutumia mkono au mguu, asikubali kuambiwa ni kawaida, asikubali akandwe, aende mpaka apate mtu atakayeuangalia. Wengine walinisogelea kusikiliza. Wengine walihama benchi. Bado ninasema hivyo popote, kwa wateja ninaowapelekea maji sasa kwa lori la mtu mwingine, na hata kanisani, matangazo yakiisha.

Binti yangu alichelewa kutembea, akatembea. Mguu wa kulia ni mfupi kidogo kuliko wa kushoto. Picha zinaonyesha kichwa cha mfupa kiliumia upande mmoja, na daktari wa mifupa anatuambia huenda akahitaji upasuaji mwingine akikua. Tunaenda kila anapotuita. Fundi wa viatu pale sokoni humwongezea soli kiatu kimoja, na anaifanya kwa ustadi hata usipoambiwa hutaiona. Anachechemea akichoka. Kuna watu wanaomtazama halafu wananitazama mimi na kusema pole. Sipokei. Siku moja mama mmoja kanisani alitaka kumwekea mikono amwombee aache kuwa kilema. Nilimwambia amwombee tu asome, kwa kutembea tumekwisha kufika.

Mama yangu hasemi kitu kuhusu mguu. Tukienda kwake humpa fimbo na kumtuma kurudisha mbuzi, kama anavyowatuma wajukuu wengine, na hamngojei.

Mwaka huu ameanza shule. Wakati wa michezo mwalimu wake, kwa moyo mzuri, alimkalisha kwenye kiti awashikie wenzake masweta. Alirudi nyumbani amenuna, hakula. Tulipomuuliza alisema yeye si kabati. Kesho yake nilikwenda shuleni. Nilimwambia mwalimu kwamba daktari hajamkataza kukimbia, na kama ataanguka, ameshaanguka mara nyingi na huwa anainuka. Mwalimu alihofia watoto watamcheka. Nikasema wakicheka atawajibu, ninamjua.

Nilibaki kwenye ua nikatazama. Waliwapanga kwenye mstari wa chokaa, binti yangu akiwa wa tatu kutoka pembeni, sketi imepanda juu kidogo upande wa kulia. Filimbi ikalia. Anakimbia kwa namna yake, bega moja linashuka, mkono wa kushoto unapiga makasia hewani, mdomo wazi. Hakushinda. Alimaliza wa pili kutoka mwisho, na nyuma yake kulikuwa na mvulana mwenye miguu iliyo sawasawa kabisa, aliyesimama katikati ya uwanja kutazama ndege. Alinijia akihema, akanishika suruali, akaniuliza kama nimemwona alivyompita.